Baridi ya Bembea Hutoka Chini

Malindi mwezi wa Julai, saa tisa za usiku, hewa huwa na joto la nyuzi 22 hivi. Kwa aliyelala kitandani hiyo ni hali ya shuka moja. Kwa aliyelala kwenye bembea ya kitambaa baina ya mivinje miwili, kusi likimpitia chini, ni hali ya kuamka kiuno kimekufa ganzi na kuanza kupapasa nguo gizani. Joto la hewa ni lile lile. Ila wa kitandani ana godoro chini yake, na wa bembea ana upepo.

Wengi wanaolala kwenye bembea kwa mara ya kwanza hujiongezea blanketi juu, kisha wakaongeza la pili, na baridi haiondoki. Nataka kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa ajili ya wenzangu wa pwani, kwa sababu maelezo mengi ya kinga ya baridi kwenye bembea yameandikwa na watu wa nchi za theluji. Ukiyafuata yalivyo hapa Malindi au Shela ya Lamu utalala umelowa jasho. Ukiyapuuza yote, siku utakayopanda milima ya Taita utaumia.

Kwa nini begi la kulalia halitoshi

Ngozi ya mtu aliyelala huwa na joto la nyuzi 33 hivi. Kinacholizuia joto hilo lisipotee ni hewa iliyotulia, iliyonaswa ndani ya nyuzi au manyoya. Kitambaa chenyewe kazi yake ni kuishikilia hewa hiyo tu. Ukililalia begi, uzito wa mwili huifinya hewa ikatoka yote, na unene wa sentimita tano unabaki milimita chache. Wanaolala ardhini hawalioni tatizo hili kwa sababu hutandika mkeka mnene chini ya begi. Kwenye bembea, baina ya mgongo wako na usiku mzima wa kusi, kimebaki kitambaa kimoja chembamba cha nailoni na manyoya yaliyolaliwa yakawa bapa.

Upepo nao hufanya kazi ile ile unayoifanya wewe unapomimina chai kwenye kisahani: huiondoa hewa iliyokwisha kupata joto na kuleta nyingine, bila kuchoka. Ndiyo maana nyuzi 22 zenye upepo ufukweni zinaweza kukusumbua kuliko nyuzi 18 za mahali palipojificha.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende chini, na gramu ya kwanza ya mzigo iende chini. Juu yako kikoi kizito kinaweza kutosha miezi yote ya pwani. Chini, kikoi hakitoshi usiku mmoja wa Julai.

Baridi ya wapi?

Kabla ya kununua chochote, amua utalala wapi. Pwani yetu ina misimu miwili ya pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta usiku wa nyuzi 24 au 25, na hapo kitambaa chembamba cha kuzuia upepo kinatosha, pengine hata hicho ni cha ziada. Kusi, ambalo huwa na nguvu Juni hadi Agosti, ndilo la kujiandalia. Kwenye matuta ya mchanga ya Shela, upande wa bahari wa Manda, au mlango wa mto Sabaki kaskazini ya Malindi, hakuna cha kulizuia. Ukirudi nyuma ya vichaka au ukashuka kwenye bonde dogo mita hamsini tu kutoka ufukweni, mahitaji yako yanapungua nusu. Kuchagua mahali ni kinga ya bure, na watu huisahau.

Bara ni hesabu nyingine. Kwa wastani hewa hupoteza nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukianza na nyuzi 22 za Malindi, juu ya mlima Kasigau, mita 1,641, unapata nyuzi 11 hivi. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, mita 2,208, unapata nyuzi 8. Kituo cha Met kwenye Mlima Kenya, mita 3,050, unabaki na nyuzi 2. Hizi ni hesabu za kukadiria. Usiku usio na mawingu au bondeni hewa baridi inapotuama, shusha tena nyuzi nne au tano. Nunua kinga ya baridi kali zaidi ya ile hesabu inayokupa, wala usinunue inayolingana nayo sawasawa. Kinga ikizidi unaweza kuilegeza, lakini ikipungua saa nane usiku huna pa kuiongezea.

Juu zaidi ya Met, msitu unakwisha. Huko hakuna pa kufunga bembea, kwa hiyo mwenye nia ya kufika kilele cha Lenana achague kinga inayotumika pia ardhini.

Kitambaa cha upepo na blanketi la flisi

Kwa anayelala pwani pekee, nashauri aanzie hapa, na pengine aishie hapa. Tafuta kitambaa kisichopitisha upepo: nailoni ya mwavuli ni nzuri sana, nyepesi, na hupatikana kwa mafundi. Upana sentimita 120, urefu mita 2. Kishone upindo kwenye pande ndefu, pitisha kamba ya mpira ya milimita 3, ukining'inize chini ya bembea kikiwa karibu na kitambaa cha bembea bila kukaza. Ndani yake, baina ya hicho na bembea, laza blanketi moja la flisi.

Flisi peke yake haifai. Ina hewa nyingi lakini upepo unapita ndani yake kama haipo, na ndivyo watu wengi wanavyoihukumu kimakosa kwamba haina joto. Nailoni peke yake inazuia upepo lakini haishiki hewa. Vikiwa pamoja vinatosha usiku wa kusi wa Malindi.

Leso na vikoi ni pamba. Vipitishe juu au viwe shuka ya ndani. Chini vinanywa unyevu wa bahari, vinakuwa vizito, na upepo hauvijali.

Mkeka wa povu

Hii ndiyo kinga ngumu kuharibika. Huichani, huipasui, na ukifika pasipo na miti unaitandika chini. Lakini lazima liwe povu ambalo vijishimo vyake vimeziba, kila kimoja peke yake. Sponji ya godoro haifai: mwili unaifinya ikawa bapa na inakunywa maji. Namna ya kupima dukani ni kuomba kipande kidogo, kukitia kwenye kikombe cha maji, kukikamua ndani ya maji na kukitoa. Kikitoka kizito kimejaa maji, ni sponji. Kikitoka kikavu ndani, ndilo povu unalolitafuta. Mikeka mingi ya mazoezi ya yoga hupita kipimo hiki.

Mikeka ya kambi hupewa namba ya R, inayoonyesha jinsi inavyozuia joto lisipite. Kubwa ni bora. Tangu kiwango cha ASTM F3340 kilipotoka mwaka 2018, kampuni nyingi hupima kwa njia moja, kwa hiyo namba za mikeka ya miaka ya karibuni unaweza kuzilinganisha. Pwani R 1 inatosha. Kwa nyuzi 10 tafuta R 2, na mikeka ya povu ya kukunja yenye unene wa milimita 15 hadi 20 huwa karibu na hapo. Ukikaribia nyuzi sifuri, R 4, ama kwa mkeka wa kujaza hewa ama kwa kuweka mikeka miwili. Namba za R hujumlishwa.

Tatizo la mkeka kwenye bembea ni upana. Mikeka mingi ina sentimita 50 tu. Ardhini inatosha kwa sababu mabega yako hayagusi kitu pembeni. Kwenye bembea kitambaa kinakukumbatia kutoka pande zote mbili, na mabega yanabaki yamebanwa kwenye nailoni tupu. Kata vipande viwili vya povu, kila kimoja sentimita 25 kwa 45, uvigundishe pembeni mwa mkeka sawa na mabega kwa gundi ya viatu au tepi ngumu ya kitambaa. Mbawa hizo mbili zinaondoa malalamiko mengi kuliko kununua mkeka mnene zaidi.

Tatizo la pili ni kuteleza. Ukigeuka, mkeka unakwenda upande wake. Bembea yenye kitambaa mara mbili inatatua hilo, kwa sababu mkeka unaingia katikati. Kama yako ni ya kitambaa kimoja, mpe fundi akushonee mfuko mwembamba wa ndani.

La tatu ni letu watu wa pwani: povu halipumui. Kwa joto la nyuzi 23 na unyevu wetu, jasho la mgongo halina pa kwenda. Tandika leso baina yako na mkeka, na ukiona bado unalowa, mkeka huo ni mnene mno kwa usiku huo.

Mkeka wa kujaza hewa usiujaze ukawa mgumu. Ujaze nusu au zaidi kidogo ili ukunjike na umbo la bembea. Ukiujaza wote utakuwa ubao unaokutupa nje. Vile vizuia jua vya kioo cha gari, vyenye karatasi ya kung'aa, huzuia upepo vizuri na vinaweza kukuokoa kwa dharura, lakini unyevu hauvipiti hata kidogo. Utaamka umelowa.

Mfarishi wa chini

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu kwa anayelala kwenye bembea mara kwa mara, mfarishi wa chini ndio jibu. Ni blanketi lililojazwa, linaloning'inia nje ya bembea, chini yako. Kwa kuwa hulilalii, halifinyiki. Unene wake wote unabaki na hewa yake. Halitelezi, halikubani mabega, na linapumua.

Urefu ni wa namna mbili. Mfarishi kamili una sentimita 190 hadi 200, unafunika kichwa hadi miguu. Wa robo tatu una sentimita 130 hadi 140, kuanzia mabegani hadi magotini au zaidi kidogo, na miguu unaiwekea kipande cha povu. Upana wa zote mbili uwe sentimita 110 hadi 120. Kwa pwani chukua wa robo tatu bila wasiwasi. Kwa Vuria na Met chukua kamili, kwa sababu miguu ikipoa hulali.

Sasa kujaza. Manyoya laini ya bata au bata bukini ni mepesi na hufungika padogo. Utaona namba kama 650, 750 au 850: zinaonyesha ukubwa wa nafasi ambayo uzito mmoja wa manyoya unaijaza. Manyoya ya 850 hayana joto kuliko ya 650 yakiwa na unene sawa. Yanaufikia unene huo kwa uzito mdogo. Unalipia wepesi. Nyuzi za poliesta ni nzito kidogo, huchukua nafasi kwenye mfuko, na zikishindiliwa miaka kadhaa hupoteza uvimbe wake.

Kwa hesabu hiyo manyoya yangeshinda. Lakini usiku wa Malindi au Lamu unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 80. Manyoya hunyonya unyevu huo hata bila kuguswa na tone la maji, hushikana, na unene unapungua kila usiku kama hayapati jua la mchana. Na iko chumvi. Chumvi ya bahari ikikauka kwenye kitambaa haikai kimya: hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani. Mfarishi uliorushiwa maji ya mawimbi ukaanikwa jua utakuwa mkavu saa kumi jioni na wenye unyevu saa sita usiku, bila mvua wala umande. Kuukung'uta hakusaidii. Unasuuzwa kwa maji ya bomba.

Kwa hiyo pwani, poliesta. Taita pia poliesta, kwa sababu misitu ile huishi kwa ukungu unaotoka Bahari ya Hindi na usiku huwa majimaji hata bila mvua. Manyoya yaache kwa anayebeba mzigo siku nyingi mgongoni kwenda juu ya mita 2,500, na ayatie kwenye mfuko usiopitisha maji mchana kutwa.

Ukinunua poliesta ya kujazia, tafuta ile iliyo shuka moja isiyokatika, ambayo haihitaji kushonwa mistari katikati. Gramu 85 kwa mita ya mraba hufaa hadi nyuzi 10 hivi. Gramu 120 hadi nyuzi 4 au 5. Gramu 170 hadi karibu na sifuri. Ukichagua manyoya, unene wa sentimita 5 unatosha kwa karibu na sifuri. Kwa usiku wa kusi hapa kwetu gramu 60 hadi 85 ni nyingi tayari.

Jihadhari na namba za joto zilizoandikwa kwenye mauzo. Mabegi ya kulalia yana kiwango cha ISO 23537, na hutoa namba kadhaa, zikiwemo ya kulala kwa raha na ya mwisho wa uvumilivu. Angalia ya raha. Mifarishi ya chini haipimwi kwa kiwango hicho, kwa hiyo namba iliyopo ni neno la mtengenezaji tu. Uliza gramu za kujaza na unene. Ukikosa jibu, usinunue.

Kushona mwenyewe

Si lazima uagize kutoka nje. Duveti ya poliesta ya mtumba ni mwanzo mzuri. Sokoni, ifungue uishike mbele ya mwanga: sehemu zinazong'aa hazina kitu ndani, na hapo ndipo baridi itakapopita. Chagua ambayo kivuli chake ni sawa kote.

Ikate sentimita 125 kwa 205, ili baada ya upindo ubaki na 120 kwa 200. Kipande cha nje, kile kitakachotazama upepo, kikate nailoni ya mwavuli, na upana wake uzidi wa duveti kwa sentimita 8. Usiiache hatua hii. Mfarishi unaponing'inia umepinda, upande wa nje unakuwa na njia ndefu kuliko wa ndani; ukikata vyote sawa, wa nje utakaza na kuifinya kinga yote, na utashangaa kwa nini duveti nene haina joto.

Tumia uzi wa poliesta, maana wa pamba huoza haraka kwa hewa ya bahari. Sindano namba 80, hatua za milimita 3. Shona kingo tu. Kila mstari unaopita katikati ni mstari wa baridi. Kwenye pande ndefu acha njia ya sentimita 2 ya kupitisha kamba, na kwenye pande fupi vilevile. Kabla ya kushona pande fupi, tia vikunjo viwili vya sentimita 5 kila mwisho, umbali wa sentimita 30 kutoka pembe, ili mfarishi upate tumbo la kukupokea. Bila vikunjo hivyo utakaa kama ubao na upepo utaingia kichwani na miguuni.

Kamba ya mpira milimita 3: mita 3 kila upande mrefu, na mita moja na nusu kila upande mfupi, pamoja na vibano vya plastiki vya kukazia. Kamba mbili za pande ndefu ziunganishe kila mwisho kwenye karabina ndogo, yaani kulabu ya chuma inayojifunga. Usizikate kwanza, zikate baada ya kupima ukiwa umelala ndani.

Kufunga na kurekebisha

Mfarishi mzuri kwenye bembea iliyofungwa vibaya ni kazi bure, kwa hiyo anza na bembea. Miti iwe mita 4 hadi 5 kutoka mmoja hadi mwingine, mikanda ya upana usiopungua sentimita 2.5 ili isikate gome, na kila mkanda ushuke kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mstari wa ulalo. Pembe hiyo ina sababu. Kwa nyuzi 30, mtu wa kilo 80 hutia mzigo wa karibu kilo 80 kwenye kila mkanda. Ukikaza bembea hadi nyuzi 15, mzigo huo unakuwa karibu kilo 155 kila upande. Kwa wanaofunga bembea kwenye boriti na nguzo za makuti huko Lamu, hesabu hiyo ni ya kuzingatia kabla ya kuning'inia.

Kama bembea yako ina kamba ya mgongo, ile inayounganisha ncha zake mbili kwa juu, iwe asilimia 83 ya urefu wa bembea: kwa bembea ya sentimita 335, kamba ni 278. Hapo kitambaa kinapata mlegeo ule ule kila usiku, na mfarishi haukai upya kila unapohama. Lala kwa mshazari, miguu ikienda upande mmoja na kichwa upande wa pili, ili mgongo unyooke.

Mvinje, mwembe na mwarobaini mzima ni miti ya kuaminika. Mnazi usiufungie hata ukiwa peke yake ufukweni: nazi na kuti kavu huanguka bila taarifa, na kusi ndilo linaloviangusha. Mikoko iache ilivyo.

Ning'iniza mfarishi kwenye ncha za bembea, uingie, ulale unavyolala usiku. Mwambie mwenzako apitishe mkono baina ya mfarishi na bembea. Mkono upite kwa kugusa pande zote mbili, bila kulazimisha na bila nafasi wazi. Kaza ncha za kichwani na miguuni hadi zizibe, lakini usizidishe: ukizikaza sana katikati panashuka na kuacha pengo chini ya kiuno.

Usiku, mwili wenyewe utakueleza kosa liko wapi. Baridi chini ya kiuno pamoja na hisia ya upepo ni dalili kwamba mfarishi umelegea. Fupisha kamba za pande ndefu kwa sentimita 5 kila upande. Baridi ya makalio bila upepo wowote ni kinyume chake, umekaza mno na uzito wako unaufinya, legeza. Bega moja likipoa na jingine likiwa na joto, mfarishi umezunguka kuelekea upande mmoja, jambo la kawaida kwa anayelala mshazari; uvute upande wa bega lile kabla ya kulala. Mabega yote mawili yakipoa, umeteleza kuelekea miguuni, na dawa yake ni kufupisha kamba ya kichwani tu. Mgongo ukilowa asubuhi ilhali hakukuwa na mvua, kitambaa chako cha nje hakipumui au kinga imezidi hali ya hewa.

Rekebisha sentimita chache kila mara, kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha kamba nne pamoja hutajua ipi ilikuwa na kosa.

Turubai, mbu, na juu

Turubai si la mvua tu. Kwenye kusi, lifunge ubavu wake ukitazama upepo na ukingo wa upande huo ushuke hadi karibu na mchanga. Upande wa pili unaweza kuuinua ili hewa ipite. Ukielekeza mdomo wa turubai kwenye upepo umejitengenezea njia ya hewa na mfarishi wako utapepea usiku kucha. Kwenye mchanga mlaini vigingi vya kawaida hung'oka. Zika mfuko uliojaa mchanga, kina cha sentimita 30, kamba ikiwa imefungwa katikati yake.

Mbu wa pwani hung'ata kupitia kitambaa chembamba cha bembea, kutoka chini, na chandarua cha juu hakisaidii hapo. Mfarishi au mkeka hufunga mlango huo, na hii ni sababu tosha ya kuwa na kitu chini hata usiku wa joto, hasa kandokando ya Mida na vidimbwi vya Sabaki ambako malaria si hadithi. Ukitumia mfarishi wa robo tatu, kumbuka miguu iko wazi: povu au soksi nene.

Juu yako hakuna mengi. Pwani, kikoi au flisi. Taita, begi la kulalia lililofunguliwa zipu likatumika kama blanketi, maana upande wa chini hauna kazi tena. Met, begi hilo pamoja na kofia ya sufu na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri, baina ya mapaja.

Kutunza

Baada ya kila safari ya baharini suuza mfarishi kwa maji ya bomba, bila kuukamua kwa kuuzungusha. Ubane tu kwa viganja maji yatoke. Uanike kivulini penye upepo, kwa sababu jua la mchana hula nailoni. Wa manyoya unahitaji sabuni isiyo kali na siku kadhaa za kukauka, ukiyavunja mabonge kwa vidole kila baada ya saa chache. Yakibaki na unyevu ndani yataota ukungu na harufu haitoki.

Usiuhifadhi ukiwa umeshindiliwa kwenye kifuko chake kidogo. Uning'inize, au uweke kwenye gunia kubwa la pamba mahali penye hewa, mbali na ukuta wa matumbawe unaotoka jasho msimu wa masika. Kamba za mpira zikague kila mwanzo wa kusi: zivute hadi mara mbili ya urefu wake, na isiyorudi yote ibadilishe.